Tuwafunze Vijana wa Kiume Mapema

Ndugu wazazi, leo tuzungumze habari za vijana wetu wa kiume. Kijana akimvuta binti mkono njiani, au akimpiga kofi kwa wivu, sisi husema, "Ujana huo, utapita." Haupiti, ndugu zangu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mkewe au mumewe. Ikiwa mke hapigwi, mchumba apigwe kwa haki gani?

Basi tukae na wana wetu. Tuwaambie: binti akikataa, amekataa. Hasira ikipanda, ondoka. Nasi akina baba tusiwapige mama zao. Wanatutazama.