Mgonjwa Anapodhuriwa na Mkono Uliopaswa Kumtibu



Mada tuliyopewa jioni hii si nyepesi. Wengi wetu tumepata kukaa matangani tukasikia maneno yakinong'onwa nyuma ya nyumba: kwamba marehemu aliingia hospitalini kwa miguu yake, kwamba daktari wa zamu hakuonekana hadi alfajiri, kwamba damu iliagizwa ikachelewa. Maneno hayo huishia pale pale. Mbele ya watu tunasema ni mapenzi ya Mungu, tunazika, tunatawanyika. Sisi wa Tume hatukatai kwamba uhai u mikononi mwa Mungu. Lakini si haki kumtwika Mungu kosa la mtu aliyeacha kusoma jina kwenye faili.

Mfano huo wa jina hatukuubuni. Mwezi Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wawili waliokuwa na jina la kwanza moja walibadilishwa. Mwenye ugonjwa wa goti alipasuliwa kichwa, na mwenye ugonjwa wa kichwa akapasuliwa goti. Huyu wa pili alifariki baadaye. Taifa lilishtuka kwa sababu kosa lilionekana kwa macho ya kila mtu. Makosa mengi hayaonekani hivyo, na ndiyo maana tunapaswa kujifunza kuyatambua.

Tuanze na lisilo kosa. Mgonjwa anaweza kufa mikononi mwa daktari hodari aliyefanya kila kilichowezekana. Dawa inaweza kumdhuru mtu bila yeyote kujua kabla kwamba mwili wake hauipokei. Matokeo mabaya peke yake si uzembe, na kiongozi wa jumuiya anayewachochea wafiwa kwenda kumfanyia muuguzi fujo anatenda dhuluma nyingine. Tumewaona wauguzi wawili wakihudumia wodi nzima usiku kucha; kuwaita wauaji ni rahisi mno.

Kwa upande wa sheria, Tanzania Bara hufuata misingi ya madai ya madhara iliyotokana na sheria ya Uingereza. Mdai hana budi kuthibitisha kwamba mtoa huduma alikuwa na wajibu kwake, kwamba aliuvunja, na kwamba kuvunjwa huko ndiko kulikoleta madhara. Kipimo cha wajibu hutazamwa kwa msingi wa kesi ya Bolam, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1957: daktari hupimwa kwa ujuzi wa kawaida wa mtu wa fani yake, si kwa ujuzi wa bingwa wa mabingwa. Hatua ya tatu ndiyo huwashinda wengi. Hospitali itajibu kwamba mgonjwa alikuja amechelewa, au kwamba angekufa hata kama angehudumiwa upesi. Hapo hoja haijibiwi kwa machozi, bali kwa karatasi na kwa ushahidi wa daktari mwingine.

Kuhusu karatasi, mturuhusu tukae kidogo. Mama mmoja alifika ofisini kwetu miezi mingi baada ya kujifungua kwa upasuaji. Tumbo halikuacha kumuuma. Alipopasuliwa mara ya pili mahali pengine, kilitolewa kipande cha kitambaa cha kufutia damu. Tulimwomba vyeti vyake. Kadi ya kliniki watoto walikuwa wameichana, cheti cha kuruhusiwa kutoka wodini hakujua kilipo, risiti alizitupa. Kilichomwokoa ni maelezo ya daktari wa pili, aliyeandika kwa mkono wake alichokitoa na siku aliyokitoa. Bila ukurasa ule tungekuwa na hadithi tu.

Basi fundisheni katika jumuiya zenu: daftari la matibabu lisifanywe karatasi ya kufungia vitumbua. Ombeni nakala ya majibu ya vipimo. Anayeuguza aandike siku, saa, dawa aliyopewa mgonjwa, na jina la aliyekuwa zamu. Kabla ya kutia sahihi karatasi ya kukubali upasuaji, ulizeni utafanywa upasuaji gani na una hatari gani. Sahihi hiyo haimpi mtu ruhusa ya kufanya uzembe. Na pale kifo kinapotia shaka, ombeni uchunguzi wa maiti kabla ya kuzika. Tunajua jambo hili linavyochukiza, na wazee watasema marehemu asisumbuliwe. Hata hivyo, wengi waliotujia baada ya arobaini tulishindwa kuwasaidia kwa sababu hiyo moja.

Mlango wa kwanza wa kubisha ni wa Mganga Mfawidhi wa hospitali yenyewe, kwa barua, nakala moja ibaki kwenu ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Asipojibu, yupo Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha wa Mkoa. Malalamiko juu ya mwenendo wa daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017; ya muuguzi au mkunga huenda Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mabaraza haya yanaweza kumwadhibu mtaalamu hata kumfutia usajili, lakini hayako kwa ajili ya kuwalipa ninyi fidia. Tena Kanuni ya Adhabu inamtia hatiani anayemtibu mtu kwa uzembe unaohatarisha uhai wake. Hilo ni la polisi na mwendesha mashtaka.

Fidia hutafutwa kwa kesi ya madai, na anayeshtakiwa si daktari peke yake. Mwajiri hujibu kwa kosa la mwajiriwa alilolitenda akiwa kazini. Mgonjwa akiwa amefariki, sheria inawaruhusu wategemezi wake, yaani mume au mke, watoto na wazazi, kudai. Ila saa inakwenda. Madai ya namna hii kwa kawaida hufungwa baada ya miaka 3, na yapo yanayofungwa mapema zaidi. Hospitali ikiwa ya Serikali, sharti itolewe kwanza taarifa ya siku 90, nakala yake iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi ifunguliwe Mahakama Kuu. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 sharti la taarifa linagusa pia halmashauri, ambazo ndizo zenye vituo vingi vya afya tunavyovitumia. Kesi nzuri hutupwa nje kwa kukosa barua hiyo moja. Asiye na uwezo asikate tamaa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtambua, na vipo vyama kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake vinavyotoa msaada huo.

Limebaki jambo ambalo baadhi yenu mtaona haya kulisikia. Hospitali nyingi katika nchi hii ni za Kanisa. Je, aliyedhuriwa kwetu anyamaze kwa heshima ya watawa? Tulipoulizwa swali hili katika semina moja, ukumbi ulikuwa kimya. Jibu letu ni lile lile: aandike barua, aombe vyeti vyake, na sisi wa Tume tutamsindikiza mpaka mlangoni kama tungemsindikiza kwingineko. Yule mama wa kitambaa alipasuliwa mara ya kwanza katika nyumba ambayo sisi tunaichangia sadaka.

Mfano wa barua ya malalamiko uko mezani kwa katibu. Kila jumuiya ichukue nakala moja, kisha tuanze maswali.