Wa Leo au wa Jana?

Msikilizaji wa Nachingwea, na wewe wa Ruangwa uliyekaa barazani na redio yako, kuna kinywaji ambacho huenda hujawahi kukionja. Kinaitwa kombucha. Ni chai ya rangi iliyotiwa sukari, ikaachwa ipoe, kisha ikatiwa utando mzito unaoteleza, wenye hamira na bakteria ndani yake, ikafunikwa kitambaa na kuwekwa pembeni wiki moja au mbili. Hamira inakula sukari na kutoa kilevi kidogo, bakteria nao wanakigeuza kilevi hicho kuwa asidi. Kinachopatikana ni chai chachu yenye gesi. Huko mijini wapo wanaoitengeneza jikoni kwenye mitungi ya kioo, na wapo wanaoinunua kwa bei ya kukushangaza. Mwaka 2016 kampuni ya PepsiCo ya Marekani ilinunua kampuni nzima inayotengeneza vinywaji vya aina hiyo, KeVita.

Nimekileta hewani kwa sababu yanayofanyika ndani ya mtungi ule ndiyo yanayofanyika kila msimu, kuanzia Oktoba, kwenye ndoo za Naipanga na Mnero, Mandawa na Nkowe. Wenzetu wanaanza na chai, sisi tunaanza na bibo, tunda la mkorosho. Lakini wao kinywaji kikifikia uchachu wanakitia chupani na kukiuza. Sisi kikifikia uchachu tunawasha moto, tunavukiza pombe kali tunayoiita nipa, halafu tunakimbizana na mgambo.

Nianze na bibo lenyewe. Mkulima akiokota chini ya mkorosho anakonyoa korosho na bibo analiacha palepale. Korosho safari yake inajulikana: juani siku mbili tatu, guniani, chama cha ushirika cha msingi (AMCOS), ghalani, mnada wa chama kikuu cha ushirika, RUNALI. Ina mizani, ina stakabadhi, na bei yake inatangazwa redioni kama matokeo ya mpira. Mwaka 2018 iliposuasua mnadani, Rais Magufuli aliamuru inunuliwe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kuibeba. Bibo halina mnada, halina hata mizani, ingawa uzito wake ni mara tano hadi kumi ya korosho iliyoning'inia chini yake. Msimu wa 2017/2018 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho ghafi. Ukizidisha mara tano tu, unapata zaidi ya tani milioni moja na nusu za mabibo, na sehemu kubwa iliozea shambani.

Yalioza kwa sababu bibo likishaanguka halina siku nyingi. Asubuhi ni zuri, jekundu au la njano, limejaa maji. Jioni linaanza kuchuruzika. Kesho yake ni la nzi. Vitamini C yake inazidi ya chungwa mara kadhaa, lakini ukakasi wake unashika ulimi na koo, ndiyo maana mtoto anakula mawili anaacha. Na maji yake yakidondokea shati jeupe, shati hilo umeshalitoa sadaka.

Basi wapikaji wetu, wengi wao akina mama, wanayaponda mabibo, wanayakamua, wanachuja na kuacha. Hamira hawaitii, maana ipo tayari kwenye ngozi ya tunda. Jioni ukiinamia ndoo utasikia mchuruzo mdogo wa gesi na kuona povu jeupe likipanda pembeni. Kesho yake ni uraka: rangi ya njano iliyofifia, utamu bado upo, ukakasi unasikika kwa mbali, gesi inachoma pua. Mnywaji mzoefu hapokei kata kabla hajauliza.

"Mama, wa leo au wa jana?"

"Wa leo, mwanangu."

Hapo anavuta kigoda. Akiambiwa wa jana, anaulizia bei kwanza. Wa juzi hauna mteja.

Biashara yote ya uraka imo katika swali hilo. Ndoo ya lita ishirini asubuhi ina bei yake, jioni imeshuka, keshokutwa ni maji machungu ya kuwasha koo. Mama hana friji, na wanywaji wa kitongoji hawaongezeki eti kwa kuwa mabibo yameanguka mengi. Akiona uraka unamgeukia, ana njia mbili anazozijua. Ya kwanza ni kumwaga. Ya pili ni kuumimina kwenye pipa, kukoka kuni, kupitisha mvuke kwenye bomba lililolala ndani ya maji baridi, na kukinga kinachodondoka. Nipa haichachi. Inakaa chupani mpaka Machi, mpaka ada ya mtoto, mpaka siku ya kumlipa kibarua wa palizi. Hata mabibo makavu, yale tunayoyaita kochoko, yanaanikwa kwa nia hiyohiyo: msimu ukiisha, kazi ya pipa iendelee.

Kwa hiyo ninapomsikia kiongozi akisema watu wa kusini wanapika nipa kwa sababu ya uvivu na kupenda ulevi, huwa natamani angekaa kutwa moja jikoni kwa mama huyo. Kuponda, kukamua, kuchota maji, kutafuta kuni na kukaa mbele ya moto usiku kucha kwa hofu ya kukamatwa, huo uvivu wa aina gani? Anavukiza kwa sababu ndiyo njia pekee ya kuhifadhi aliyofundishwa.

Sijasema nipa ni salama. Hakuna anayejua nguvu ya chupa hii na ile. Hakuna anayejua bomba lilitoka wapi, wala pipa lilibeba nini kabla ya uraka. Uganda mwaka 2010, kule Kabale na jirani zake, watu zaidi ya 80 walikufa kwa kunywa waragi, nipa ya kwao, iliyochanganywa na methanoli. Na kwetu sheria iko wazi tangu zamani: Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, moshi ikiwa ni nipa na pombe nyingine za kuvukizwa, inakataza kuvukiza bila leseni. Uraka wenyewe ni pombe ya kienyeji ya kilabuni, leseni yake iko halmashauri. Mpaka wa kisheria, kwa hiyo, ni ule moto chini ya pipa.

Lakini misako haijamaliza nipa. Mgambo wanamwaga, wanatoboa mapipa, wanampeleka mama kituoni, na Oktoba nyingine mabibo yanaanguka tena. Uganda walijaribu njia tofauti. Mwaka 1965 walipitisha Sheria ya Enguli, iliyomtaka mpikaji wa waragi awe na leseni na auzie kiwanda, kiwanda nacho kikaisafisha upya, ndipo ikazaliwa Uganda Waragi ya chupani. Ni hatua ya busara, ila waragi ya vichakani haikuisha, kama vifo vya 2010 vilivyoonyesha. Kule Goa, India, wana pombe yao ya mabibo iitwayo feni, na mwaka 2009 jina hilo lilisajiliwa likalindwa kuwa mali ya Goa. Watalii wanalijua. Hata hivyo siwezi kusimama hewani mkoa wa Lindi, ambako wasikilizaji wengi ni Waislamu, nikasema maendeleo yetu yaanzie kwenye pombe kali.

Mimi naelekeza macho Brazil, mkorosho ulikotoka kabla ya Wareno kuuleta pwani hii. Katika jimbo la Piauí wanatengeneza cajuína. Ni maji ya bibo yasiyo na sukari ya kuongeza wala kilevi. Wanayakamua mabibo, wanatia jelatini, nayo inaushika ule ukakasi na kuuzamisha chini. Wanachuja mpaka maji yang'ae, wanajaza chupa, wanafunga, halafu chupa zenyewe wanazichemsha ndani ya maji kwa muda mrefu mpaka sukari ya tunda igeuke rangi ya kahawia ya dhahabu. Inakaa miezi na miezi bila friji. Mwaka 2014 nchi yao iliitambua kazi hiyo kuwa urithi wa taifa, na kwa asili ni kazi ya majumbani, ya jiko na kitambaa cha kuchujia.

Jelatini hatuna? India wanatumia uji mwepesi wa mchele, au wanga wa muhogo, kuondoa ukakasi uleule. Muhogo wa Nachingwea unatosha kuondoa ukakasi wa bibo la Nachingwea. Okota mabibo mapya, yasiyopasuka. Konyoa korosho zote, maana mafuta ya ganda lake yanaunguza mdomo. Osha, kamua, tia uji wa wanga uliopoa, acha utulie, chuja kwa kitambaa safi, chemsha, jaza chupa ya kioo ikingali moto, ziba, kisha chemsha chupa yenyewe. Kazi hiyo ifanyike siku ileile. Ukingoja kesho, hamira imeshakutangulia, na juisi yako itavunja chupa au itakuletea kesi. Hata wenye kombucha hilo limewakuta: Juni 2010 maduka makubwa ya Marekani, Whole Foods yakiwamo, yaliiondoa kwenye rafu kwa sababu kilevi kiliendelea kuongezeka ndani ya chupa zilizofungwa na kupita asilimia 0.5 inayoruhusiwa kwa kinywaji kisicho pombe.

Na ule uraka wa juzi, ambao hauna mteja? Usiuwekee moto. Uweke kwenye mtungi wa udongo au wa kioo, usiwe wa bati wala wa alumini, ufunike kitambaa ili hewa ipite na nzi wasipite, uuache wiki kadhaa. Utaota utando juu, ndugu wa ule wa kombucha, na kilevi kitageuka siki. Siki inayouzwa madukani kwetu nyingi imetoka mbali, na mama ntilie wanaitumia kwenye kachumbari. Kwa wanaouliza uhalali, fiqhi ya Kishafi, inayofuatwa na wengi pwani, inasema kilevi kikigeuka siki chenyewe bila kutiwa kitu ni safi. Kikitiwa kitu, mambo ni mengine. Muulizeni shekhe wenu, kazi ya fatwa si yangu.

Najua atasimama mtu aseme tunahitaji kiwanda. Hapo ndipo nazidi kuwa mgumu. Nachingwea tunavijua viwanda na miradi mikubwa. Waingereza walikuja hapa na mradi wa karanga ulioanza 1947, wakaleta matrekta, wakajenga reli kutoka Mtwara, na kabla ya miaka ya sitini kufika mbali karanga hazipo na reli imefungwa. Baadaye kikaja kiwanda cha kubangua korosho, kikakaa miaka kimya. Bibo halisubiri kiwanda kilicho kilomita sitini, maana likifika limeshakuwa uraka njiani. Linahitaji kusindikwa pale lilipoanguka, kwenye sufuria ya kijijini, na sufuria hizo tunazo.

Tunachokosa ni mafunzo na soko. Watafiti wa kilimo wa TARI Naliendele, pale Mtwara, wanajua kutengeneza juisi, jemu na mvinyo wa mabibo, na wamewahi kufundisha vikundi. Elimu hiyo haijafika Mbekenyera wala Ruponda kwa kiasi cha mtu kuiishi. RUNALI, inayokusanya korosho za Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ina mtandao wa AMCOS mpaka vijijini. Korosho inapopokelewa pale, kwa nini chupa tupu na kitambaa cha kuchujia visiuzwe palepale? Na halmashauri zetu mbili, zinazokusanya ushuru wa korosho kila msimu, zitenge kidogo kwa ajili ya lile tunda lililoibeba korosho hiyo.

Waheshimiwa madiwani wa Nachingwea na Ruangwa, msimu unafunguliwa Oktoba. Kabla ya hapo waiteni wataalamu wa Naliendele wakae kutwa moja katika kila kata, na wa kwanza kualikwa wawe akina mama ambao mgambo wanayajua majina yao.