Neno la Mungu, Kipimo Chetu cha Kila Siku

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, makatekista na wajumbe wa Haki na Amani)



Tumekutana kutafakari jambo ambalo kila Mkristo hulikiri bila kusita: kwamba Maandiko Matakatifu ni Neno la Mungu, na kwamba yana mamlaka juu ya maisha yetu. Hakuna hata mmoja kati yetu atakayesimama kulipinga. Kila Dominika baada ya somo tunaitikia tukimshukuru Mungu. Padre huibusu Injili. Na siku za sherehe Biblia hubebwa kwa maandamano, kwa ngoma na vigelegele. Hayo yote ni mema. Lakini swali letu la leo haliko kanisani. Liko sokoni, shambani, mahali pa kazi na katika kikao cha ukoo. Je, huko nako Neno lina mamlaka, au linawekwa kabatini kusubiri Dominika ijayo?

1. Neno ni kipimo

Vitabu 73 vya Biblia Takatifu, Kanisa huviita kwa pamoja Kanoni. Asili ya jina hilo ni Kigiriki, na maana yake ni mwanzi ulionyooka wa kupimia. Neno hilohilo, kwa kupitia Kiarabu, ndilo lililozaa neno letu "kanuni". Basi tunaposema kwamba Maandiko yana mamlaka, tunasema kwamba ni kipimo, na sisi ndio tunaopimwa.

Fundi mwashi analijua jambo hili vizuri. Ukuta ukipinda, hailaumu timazi, wala haisogezi ili ilingane na ukuta. Hubomoa matofali na kuanza upya, ingawa saruji imekwisha kutumika na mwenye nyumba ananung'unika. Nabii Amosi alionyeshwa Bwana amesimama na timazi mkononi, akiiweka katikati ya watu wake (Amosi 7:7-8). Watu wale hawakuwa wapagani. Walikuwa na sikukuu, nyimbo na sadaka nyingi. Timazi iliwekwa katikati ya watu wa dini, na ukuta wao ulionekana umepinda.

2. Hatari ya vipimo viwili

Torati inakataza mtu kuwa na mawe ya mizani ya namna mbili mfukoni mwake, kubwa na dogo (Kumbukumbu la Torati 25:13-15). Kwa nini mtu awe nayo mawili? Moja ni la kununulia, jingine ni la kuuzia. Amosi anawakemea wafanyabiashara waliongoja sabato ipite upesi ili wapunguze kipimo, wazidishe bei, na kumfanya maskini kuwa bidhaa (Amosi 8:4-6).

Wakulima wa viazi, vitunguu na mahindi hawahitaji kufafanuliwa maneno haya. Wanaijua lumbesa: gunia linaloongezewa juu kipande cha gunia jingine, likajazwa mpaka likavimba, kisha mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Mzigo huohuo ukifika mjini huuzwa kwa kilo au kwa kopo, na kila kilichozidi kina bei yake. Sheria ya vipimo inaikataza lumbesa. Lakini miaka mingi kabla ya sheria hiyo, Neno la Mungu lilikwisha kuikataza. Mnunuzi Mkristo anayejaza lumbesa Jumamosi na kutoa zaka Dominika amekwisha kujibu swali letu, bila kufungua kinywa, kuhusu nani mwenye mamlaka juu yake.

Walakini, ndugu wapendwa, tusimnyoshee kidole mfanyabiashara peke yake. Vipimo viwili vipo pia katika namna yetu ya kusoma Biblia. Mume huikariri aya ya Mtume Paulo inayomtaka mke amtii mumewe, lakini haisomi aya iliyotangulia, inayowataka wote wawili wanyenyekeane, wala ile inayomtaka mume ampende mkewe kama Kristo alivyojitoa kwa ajili ya Kanisa (Waefeso 5:21-25). Mwajiri humkumbusha kibarua wake kwamba asiyetaka kufanya kazi asipewe chakula (2 Wathesalonike 3:10), lakini hajafika kwa Yakobo, anayesema kwamba ujira wa vibarua uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana (Yakobo 5:4). Kubwa tunamsomea jirani. Dogo tunajisomea wenyewe.

Nasi viongozi wa Kanisa tumo. Wakati wa kuhimiza sadaka tunapenda kusimulia habari ya mjane aliyetoa senti mbili (Marko 12:41-44). Ni mara ngapi tunaanza kusoma aya moja nyuma, pale Yesu anapowashutumu walimu wa Sheria wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu? Mwinjili ameziweka habari hizo mbili bega kwa bega. Nani ametupa ruhusa ya kuzitenganisha?

3. Kunukuu si kutii

Yatupasa kukumbuka kwamba hata Ibilisi alinukuu Zaburi alipomjaribu Bwana wetu juu ya mnara wa Hekalu (Mathayo 4:6). Kujua aya kwa moyo, basi, si ushahidi kwamba mtu yuko chini ya Neno. Yesu alimjibu mara tatu, na mara zote tatu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati. Ibilisi alilitumia Andiko ili apate alichokitaka. Yesu aliliweka Andiko juu ya njaa yake na juu ya hofu yake.

Kwa sababu hiyo Kanisa Katoliki halitufundishi kuokota aya mojamoja, wala kufunua ukurasa wowote kwa kubahatisha kana kwamba tunapiga ramli. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Ufunuo wa Kimungu iliyotolewa tarehe 18 Novemba 1965, unafundisha kwamba Maandiko, Mapokeo na Mamlaka ya Ufundishaji ya Kanisa vinakwenda pamoja, na kwamba Mamlaka hiyo haiko juu ya Neno bali inalitumikia. Mgonjwa anayeambiwa atupe dawa zake kwa sababu ya aya moja ya uponyaji amenyimwa Maandiko mengine, hasa Yoshua bin Sira sura ya 38, inayotuagiza kumheshimu tabibu na kutodharau dawa, kwa maana Mungu ndiye aliyeziumba.

4. Jaribio: mjane na shamba

Hebu sasa tuweke timazi mahali pamoja tu. Mume anafariki. Arobaini haijaisha, ukoo unakaa kikao. Mjane hana mtoto wa kiume, au watoto wake bado wadogo. Minyaa ya mpaka inang'olewa usiku, na asubuhi shamba limepungua. Katika kikao hicho wamo Wakristo: yumo mwenyekiti wa jumuiya, yumo mwanakwaya, yumo mzee wa kanisa. Wote wanajua ukweli. Nani atasema?

Maandiko hayana kigugumizi hapa. Kutoka sura ya 22 inasema kwamba Mungu husikia kilio cha mjane na yatima, na hasira yake huwaka. Kumbukumbu la Torati inakataza kuhamisha mpaka wa jirani (19:14). Nabothi aliuawa kwa ajili ya shamba la mizabibu, nao mashahidi wa uongo walipatikana kwa urahisi (1 Wafalme 21). Sheria ya nchi nayo inasaidia: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na inabatilisha mila inayomnyima haki hiyo. Inaagiza pia kwamba katika Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu wawe wanawake. Lakini sheria haihudhurii kikao cha ukoo. Sisi ndio tunaohudhuria.

Atakayesema kweli atalipa. Ataitwa msaliti wa ukoo. Huenda asialikwe arusini. Hapo ndipo tunapojua kama tunaliamini Neno. Kuliamini si kukubali tu kwamba ni la kweli. Ni kuliegemea kwa uzito wetu wote mahali ambapo, lisipotubeba, tutaanguka.

5. Tuanzie wapi?

Tuanzie nyumbani mwetu. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ilikumbusha kwamba anayetaka kuwahubiria watu haki hana budi yeye mwenyewe aonekane mwenye haki machoni pao. Basi halmashauri ya parokia iulize: mlinzi wetu na mpishi wetu wanalipwa kiasi gani, na wanalipwa lini? Parokia inayomcheleweshea mlinzi mshahara haina sauti mbele ya mwenye kiwanda.

Kisha turudi katika Jumuiya Ndogondogo. Wengi wetu tunasoma Injili kwa Hatua Saba zilizoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Tunakaribisha, tunasoma, tunanyamaza, tunashirikishana. Tukifika hatua ya sita, ile ya kuulizana Bwana anatutaka tufanye nini, muda umekwisha, na tunarukia sala ya kufunga. Hatua hiyo ikiachwa, timazi imening'inizwa hewani wala haijagusa ukuta. Tunaomba basi kila jumuiya iichukue kwa uzito: litajwe jambo moja, apewe mtu au watu wa kulitenda, na wiki inayofuata waulizwe limefikia wapi.

Wapendwa, hatuhitaji kwanza kujua Biblia nzima ndipo tuanze kuitii. Tunalolijua tayari latosha kwa wiki hii. Mungu na atujalie neema ya kupimwa.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Ni aya zipi tunapenda kuwasomea wengine, na zipi hatupendi kusomewa?
2. Je, katika eneo letu yupo mjane au yatima aliyepunguziwa shamba? Nani kati yetu anaujua ukweli, na amezuiwa na nini kuusema?
3. Mazao yanapimwaje katika soko letu? Wanajumuiya wanaonunua na wanaouza waweza kukubaliana nini?
4. Hatua ya sita ya wiki iliyopita ilituagiza nini? Limetendeka?