Iringa kwa Baiskeli
Mji wa Iringa umekaa juu ya kilima, mita zipatazo 1,600 kutoka usawa wa bahari, na Mto Ruaha Mdogo unapita chini yake. Kwa msafiri wa peke yake anayeendesha gari kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, ni mahali pazuri pa kushusha baiskeli. Baiskeli hiyo humfikisha sokoni, kwenye Boma la enzi ya Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho, kisha kwenye jiwe la Gangilonga, ambako mji wote huonekana.

Safari inayostahili siku nzima ni ya Kalenga, kilomita kama 15 nje ya mji. Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, iliyotekwa na Wajerumani mwaka 1894. Fuvu linaloaminika kuwa la Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, limehifadhiwa katika makumbusho ya hapo.

Miteremko ya Iringa ni mikali, hivyo breki zikaguliwe kabla ya kuondoka. Pampu na viraka visisahaulike. Kwenye barabara kuu ya Mbeya malori ni mengi. Mwendesha baiskeli hushika kushoto, huvaa nguo inayoonekana kwa mbali, na hubeba sweta, kwani Juni na Julai baridi ya jioni huingia mapema.