MAZUNGUMZO YA AFYA: ASIDI YA YURIKI, MARADHI YA JONGO NA USALAMA WA MOYO



Mtu hulala usiku akiwa mzima, na kabla ya alfajiri huamshwa na maumivu makali ya kidole gumba cha mguu. Kidole kimevimba na kina moto, hata shuka ikikigusa hawezi kustahamili. Kukicha, huyu humwambia ameteguka, yule humwambia ni baridi yabisi, na hawakosekani wanaonong'ona kuwa amekanyaga kitu kibaya. Mwenyewe humtuma mtoto dukani kununua vidonge vya maumivu. Baada ya wiki moja au mbili maumivu huondoka, mtu hurudi kazini na jambo husahauliwa.

Kusahau huko ndiko kunakohitaji kuzungumzwa. Maradhi hayo, yaitwayo jongo, mara nyingi humpata mtu ambaye moyo wake, mishipa yake ya damu na mafigo yake pia vinahitaji kuchunguzwa.

Asidi ya yuriki ni taka inayobaki baada ya mwili kuvunja vitu viitwavyo purini. Purini zimo katika chembe hai za mwili wenyewe, na nyengine huingia kwa njia ya chakula. Kiasi cha thuluthi mbili za asidi hiyo hutolewa na mafigo kwa haja ndogo, na iliyobaki hutoka kwa njia ya matumbo. Inapozidi takriban miligramu 6.8 katika desilita moja ya damu, huweza kuganda na kuwa fuwele ndogo zenye ncha mithili ya sindano, ambazo hukaa katika viungo. Daktari wa Uingereza, Alfred Baring Garrod, alionyesha tangu mwaka 1848 kwamba damu ya wenye jongo ina asidi hii kwa wingi. Hata hivyo, wengi ambao asidi yao imepanda hawapati jongo maisha yao yote.

Wanaodhani kwamba haya ni maradhi ya mataifa tajiri hawana budi kutazama visiwa jirani. Uchunguzi uliofanywa Shelisheli mwaka 1989 na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta kwamba kiasi cha thuluthi moja ya wanaume waliopimwa walikuwa na asidi ya yuriki iliyozidi kiwango. Wanawake walikuwa wachache zaidi, ingawa inafahamika kwamba kinga yao hupungua baada ya kukoma hedhi.

Je, asidi hii ndiyo inayoharibu moyo? Ni kweli kwamba mara kwa mara huonekana pamoja na shindikizo la damu, unene, maradhi ya sukari na udhaifu wa mafigo. Lakini vitu viwili kukutwa pamoja si hoja kwamba kimoja kimezaa chengine. Nchini Uingereza wagonjwa wa moyo zaidi ya 5,700, wenye umri wa miaka 60 na kuendelea na wasiokuwa na jongo, walifuatiliwa katika jaribio ambalo baadhi yao walipewa dawa ya alopurino, inayoteremsha asidi ya yuriki. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba dawa hiyo haikuwapunguzia mshituko wa moyo, kiharusi wala vifo vya maradhi ya moyo.

Kwa hivyo, mtu aliyepimwa akakuta asidi imepanda, na hana jongo wala mawe ya mafigo, kwa kawaida hahitaji kukimbilia dawa. Anachohitaji ni kupimwa shindikizo la damu, sukari na mafigo, kisha kurekebisha mwenendo wake. Mwenye jongo la kurudia rudia ana haki ya kutibiwa kwa alopurino kwa uangalizi wa daktari. Dawa hiyo si ya kuazimana, kwani huweza kuleta madhara makubwa ya ngozi kwa baadhi ya watu.

Wafanyakazi na wananchi wanakumbushwa mambo yafuatayo:

Kwanza, vidonge vya maumivu vya aina ya diklofenaki na ibuprofeni visitumiwe kiholela. Huweza kudhuru mafigo, kupandisha shindikizo la damu na kuongeza hatari kwa moyo.

Pili, baadhi ya dawa za shindikizo, hasa zinazoongeza haja ndogo, hupandisha asidi ya yuriki, na aspirini ya kiwango kidogo pia huweza kufanya hivyo. Hii si sababu ya mgonjwa kuziacha mwenyewe. Kiharusi kina hatari kubwa kuliko kidole kilichovimba. Amweleze daktari, kwani zipo dawa nyengine za shindikizo ambazo haziipandishi.

Tatu, nyama nyekundu, maini, figo na dagaa vipunguzwe na wenye jongo. Samaki kwa jumla ni chakula chema kwa moyo, wala hapana haja ya kumkimbia. Kunde, choroko na mboga za majani zisiogopwe: wanaume zaidi ya 47,000 wa Marekani walifuatiliwa kwa miaka 12, na taarifa ya mwaka 2004 ilieleza kwamba mboga zenye purini hazikuwaongezea jongo.

Nne, soda na vinywaji vya sukari huongeza asidi ya yuriki, na pombe vilevile, hasa bia. Maji yanywewe kwa wingi, isipokuwa kwa aliyezuiwa na daktari. Katika mwezi wa Ramadhani maji yanywewe baina ya futari na daku, na mwenye dawa za kila siku amuone daktari kabla ya mwezi kuandama.

Tano, chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, ikiwemo ile iliyomo ndani ya vyakula. Sigara iachwe kabisa. Kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, kunatosheleza dakika 150 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mwenye mwili mkubwa apungue kidogo kidogo, kwani kujinyima chakula ghafla huweza kuzusha jongo.

Juhudi za mtu mmoja zinahitaji kuungwa mkono na wote. Mwaka 1987 kisiwa cha Mauritius kilianza mpango wa afya ambao ndani yake Serikali ilibadilisha mafuta ya kupikia ya mgao, yakawa ya soya badala ya mawese kwa sehemu kubwa. Kufikia mwaka 1992 wastani wa lehemu katika damu za watu wazima ulikuwa umeshuka kutoka milimoli 5.5 hadi 4.7 kwa lita, na wenye shindikizo la damu walikuwa wamepungua. Watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni kilichomo jikoni na katika mwenendo wao.

Mkuu wa ofisi anayeweka maji ya kunywa mahali pa soda katika kikao, na mama au baba anayepunguza chumvi katika chungu, wote wanafanya kazi hiyo hiyo. Na yule aliyeamshwa usiku na kidole asingoje kiamke tena. Aende kituo cha afya akapimwe, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.