Kadi za Maktaba ni Mali ya Nani?



Sisi wa reli twaandika namba za mabehewa kila siku. Namba haina mwenyewe, lakini daftari ni la tajiri. Maktaba nako ni vivyo hivyo, ijapokuwa siku hizi kadi zimo ndani ya kompyuta. Karani huandika jina la kitabu, mtungaji na mwaka. Hizo ni habari tupu. Mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilikata hivyo mwaka 1991, katika kesi ya kitabu cha namba za simu. Kazi ya kuchagua na kupanga ndiyo yaweza kuwa na hakimiliki. Shirika la OCLC huko Ohio, lenye kukusanya kadi za maktaba nyingi, liliidai mwaka 1982. Maktaba zilizoleta kadi hizo zilinung'unika sana, nasi hatuwalaumu.

Hapa Kenya, sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 yasema kazi ya mwajiriwa humwendea mwajiri, ila wakipatana vingine. Hiyo "ila" ndiyo yetu. Katika mapatano twadai mshahara, nyumba na likizo. Daftari hatujalitaja hata siku moja. Safari hii tulitaje, na makarani wa maktaba tuwaite mezani.