Darasa Lisilo na Kuta: Kufundisha Biolojia kwa Timu Kupitia Intaneti

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa katika kipindi chetu cha elimu na mhadhiri wa biolojia anayefundisha nchini Marekani.



Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wahenga hao hao wakasema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mtu anaweza kudhani kwamba methali hizi mbili zinagombana. Leo ningependa kueleza jinsi nilivyotambua, tena kwa kuchelewa, kwamba mwalimu anayefundisha kupitia intaneti anazihitaji zote mbili.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga vyuo, nililihamishia mtandaoni somo langu la biolojia ya mwaka wa kwanza. Nilifanya yale yale niliyoyazoea ukumbini, yaani kuhutubia. Nilitazama visanduku vyeusi vyenye majina, nikazungumza kwa zaidi ya saa nzima, kisha nikaaga. Kufikia katikati ya muhula, baadhi ya majina yalikuwa yametoweka. Mmoja wa waliotoweka alikuwa mama mmoja aliyezaliwa kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya, ambaye alikuwa akifanya kazi ya usiku ya kuwahudumia wazee. Aliniandikia kwamba anaacha masomo, kwani hakuna anayemfahamu darasani, na hakuna atakayejua kuwa ameondoka.

Nilimsihi arudi muhula uliofuata. Ndipo nikajiuliza: arudi kwenye kitu gani?

Jibu nililipata katika mbinu ya kujifunza kwa timu. Mwasisi wake ni Larry Michaelsen, aliyekuwa akifundisha masomo ya biashara katika Chuo Kikuu cha Oklahoma mwishoni mwa miaka ya 1970. Darasa lake lilikuwa limefurika, naye hakutaka kuishia kuhutubia umati. Aliwagawa wanafunzi katika timu za kudumu, kwa kawaida watu 5 hadi 7, ambao hubaki pamoja muhula mzima.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kwanza, kila mwanafunzi husoma sura aliyopangiwa kabla ya kipindi. Pili, hufanya jaribio fupi peke yake, na alama zake huhesabiwa. Hapo ndipo inapofanya kazi methali ya mtegemea cha nduguye. Tatu, timu hufanya jaribio lile lile kwa pamoja. Ukumbini hutumika kadi za kukwangua, mfano wa vocha za simu: mkikwangua jibu sahihi mnaona nyota, mkikosea mnajadiliana tena, na alama zinapungua. Mtandaoni kazi hiyo hufanywa na kompyuta. Nne, timu isiyoridhika na jibu huweza kukata rufaa kwa maandishi, ikitoa ushahidi kitabuni. Baada ya hapo mwalimu hufafanua yale tu yaliyowashinda, na muda wote uliobaki hutumika kutatua tatizo halisi. Timu zote hupewa tatizo moja, huchagua jibu moja, na huonyesha majibu yao kwa wakati mmoja, ili pasiwe na wa kuchungulia kwa jirani.

Nitoe mfano. Mwaka 1949 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hiyo. Aligundua kwamba pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 20 ya watu walikuwa na chembe ya urithi ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja. Katika nyanda za juu na sehemu kame, kiwango kilikuwa chini ya asilimia 1. Kwa nini? Niliziwekea timu zangu majibu manne: chakula, ukoo, mwinuko wa nchi, na malaria.

Timu moja ilikuwa karibu kukubaliana juu ya mwinuko. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi, kwani hewa ya milimani ina oksijeni haba, na upungufu wa oksijeni ndio unaozipinda chembe nyekundu za damu. Ndipo kisanduku kimoja kikatoa sauti. Alikuwa yule mama. Aliwaambia kwamba ziwa lao liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ilhali nyika nyingi kame za Kenya ziko chini kuliko ziwa hilo. Kama sababu ni mwinuko, mbona nyikani selimundu ni haba na ziwani ni nyingi? Kinachotofautiana hapo, alisema, ni mbu.

Timu ikabadilisha jibu. Naam, ni hoja ambayo Allison aliichapisha mwaka 1954: mwenye chembe moja ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Mimi ningeweza kuyasema hayo kwa dakika mbili, lakini wasingeyapigania.

Ushahidi haukomei darasani kwangu. Mwaka 2014 Scott Freeman wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Walioshindwa katika madarasa ya mihadhara mitupu walikuwa wastani wa asilimia 33.8, penye kujifunza kwa vitendo, asilimia 21.8. Uchambuzi huo ulihusu mbinu nyingi, si hii ya timu peke yake, wala haukuhusu intaneti hasa. Hata hivyo, unatuonyesha njia.

Matatizo hayakosekani. Mtandao hukatika katikati ya mjadala. Mwenye zamu ya usiku hawezi kukaa timu moja na mwenye zamu ya mchana; kwa hiyo siku hizi nazipanga timu kwa kuangalia kwanza saa za watu. Wako pia makupe, na ndiyo maana mwisho wa muhula wanatimu hupimana wao kwa wao. Tena kutunga tatizo moja zuri hunichukua muda mrefu kuliko kuandaa mhadhara.

Lakini wiki moja yule mama alipokosekana, sikuwa mimi niliyegundua kwanza. Wenzake walikuwa wamekwishampigia simu.